Kikohozi cha Sufi

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Sindano alitunga uzi kwenye sindano kubwa za kushonea magodoro, kisha akazichomeka kwenye mto mdogo zimsubiri Mama. Ndiyo maana Babu alimwita jina hilo. Macho yake yalikuwa makali kuliko ya watu wazima, na hakuhitaji kulowesha uzi kwa mate.

Karakana yao ilikuwa chumba kirefu upande wa mbele wa nyumba. Humo Babu, Mama na fundi mmoja aliyeitwa Redio walijaza magodoro na mito ya sufi, ile pamba nyepesi ya mti wa msufi. Sufi huchambuliwa kwa mikono, halafu hupigwa kwa fimbo mpaka ifumuke. Ikishapigwa, chumba kizima hujaa manyoya. Yalitua kwenye nyusi, kwenye chai, kwenye nywele za Sindano. Na kila aliyefanya kazi humo alikohoa.

Walikuwa na mazoea yao. Mmoja akikohoa, mwingine alipaza sauti, "Toa sufi!" Aliyekohoa alijibu, "Inatoka!" na kazi ikaendelea.

"Siku Redio alipoanza kukohoa alitaka kulia," Babu alipenda kusimulia. "Nikamwambia, nyamaza bwana, sasa umekuwa fundi."

"Lakini Mzee, mbona mimi nakohoa kuliko nyote?" Redio aliuliza.

"Kwa sababu hufungi mdomo! Manyoya yanaona mlango uko wazi, yanaingia."

Mama alicheka mpaka akakohoa. "Toa sufi!" wakamwambia. "Inatoka!" akajibu, huku akifuta machozi ya kicheko.

Kikohozi cha Mama kilianza hivyo, kama vingine vyote, na hakuna aliyejua kilianza lini hasa. Ilikuwa wakati walipopata kazi ya kutengeneza magodoro ya bweni la shule. Kazi ilikuwa nyingi na muda ulikuwa mfupi. Mama alikohoa akishona, akakohoa akipika, akakohoa akisuka nywele za Sindano. Alinunua dawa ya maji dukani, chupa ikaisha, akanunua nyingine.

Ilipofika siku ya mapumziko walifunga karakana, wakafagia, wakafungua madirisha. Kwa kawaida siku kama hiyo nyumba ilikuwa kimya, kwa sababu vifua navyo vilipumzika. Siku hiyo Mama alikohoa tangu asubuhi hadi jioni. Sindano alimwona akitema kwenye leso na kuikunja haraka. Hata hivyo aliwahi kuona rangi yake. Ilikuwa kama kutu ya bati.

"Mama, hiyo nini?"

"Sufi imechanganyika na vumbi. Nenda ukafanye kazi zako za shule."

Mkono wa Mama ulipomgusa shavuni ulikuwa wa moto.

Kesho yake darasani, Sindano hakusikia somo hata moja. Rafiki yake, aliyekaa naye dawati moja, alimtoa unyoya nyuma ya sikio.

"Wewe kifaranga, leo umeanguliwa saa ngapi?" alimtania. Sindano hakucheka. "He! Umenuna?"

"Sijanuna. Nataka kukuuliza. Kwenu mtu akikohoa mnafanyaje?"

Rafiki yake alishangaa. "Tunamuuliza kama anaumwa. Kwani nyie mnafanyaje?"

Sindano aliangalia meza. "Sisi tunacheka," alisema kwa sauti ndogo.

Alipotoka shule alikwenda moja kwa moja kwa Babu, aliyekuwa akipiga sufi uani. Alisimama mpaka fimbo ikatulia.

"Babu, Mama anaumwa."

"Nani kakwambia?"

"Jana hatukufanya kazi, lakini alikohoa siku nzima. Na ana joto. Na anatema kitu chenye rangi ya kutu."

Babu alijipangusa uso. Hakuwa mtu mkali. Alimpenda Mama, binti yake wa pekee, kuliko kitu chochote. "Mjukuu wangu," alisema, "mimi nimekohoa tangu mama yako hajazaliwa. Niangalie. Nimekufa? Hiki kikohozi ni chetu, tunakijua. Magodoro yakishachukuliwa, atalala wiki nzima na kitaondoka chenyewe. Usimtie mama yako hofu."

"Lakini Babu..."

"Usimtie hofu, nimesema."

Fimbo ilianza tena. Sindano alisimama pale, manyoya yakimwangukia. Angeanza vipi kumfundisha Babu habari za kikohozi, yeye ambaye hata sindano ya godoro hakuwa na nguvu ya kuipitisha?

Aliweka begi la shule chini, akatoka. Alikwenda mpaka kituo cha afya.

Nesi wa zamu alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu. Kwenye benchi walijaa kina mama na watoto wao.

"Shikamoo," alisema Sindano. "Naomba dawa ya Mama. Ya kikohozi."

"Marahaba, mwanangu. Mama yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Anashona magodoro."

"Dawa hatutoi kwa mtu tusiyemwona. Mlete mwenyewe."

"Hatakuja," alisema Sindano, na hapo machozi yakamtoka. "Wanasema ni sufi tu. Njoo wewe umwone. Tafadhali."

Nesi aliliangalia benchi lote, kisha akamvutia Sindano pembeni. "Leo sina nesi mwenzangu, mwanangu, siwezi kuwaacha hawa. Lakini nisikilize. Anatema makohozi ya rangi gani?"

"Kama kutu."

Uso wa nesi ulibadilika. "Ana homa? Akivuta pumzi anashika ubavu?"

Sindano alikumbuka jinsi Mama alivyoinama kuokota mkasi huku mkono mmoja umebana mbavu. Alitikisa kichwa kukubali.

"Hayo peke yake yanatosha kumleta hapa leo. Nenda ukamzungumzishe. Ukiona hawezi kumaliza maneno bila kutafuta pumzi, wasingoje hata kubadilisha nguo. Waambie nesi ndiye aliyesema, siyo wewe. Haya, kimbia."

Sindano alikimbia. Njiani aliomba moyoni akute Mama anaongea kama kawaida, hata kama ni kumgombeza kwa kuchelewa.

Mama alikuwa ameketi juu ya rundo la magodoro, sindano mkononi, lakini hashoni. Babu na Redio walikuwa upande wa pili wakifunga mzigo kwa kamba juu ya mkokoteni.

"Mama, leo mmemaliza magodoro mangapi?"

"Tume..." Mabega ya Mama yalipanda na kushuka. "Tumemaliza... ma..." Akakohoa, kikohozi kizito chenye maji ndani, kisichokuwa na mwisho.

"Toa sufi!" Redio alipaza sauti bila kugeuka.

Mama hakujibu.

"Toa sufi, Dada!" Redio alirudia, akicheka. Kicheko chake kikakatika. Mama alikuwa ameinama mbele, mikono magotini, akivuta hewa kwa mdomo kama mtu aliyetoka mbio. Midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

Kamba ilimponyoka Babu. "Mwanangu? Hebu jibu. Sema neno."

Mama alitikisa kichwa tu. Hakuweza.

Sindano hakuwahi kumwona Babu akikosa la kufanya. Alizunguka chumbani, akashika kikombe, akakiweka. "Ngoja nichemshe maji," alisema. "Ngoja nilete ile dawa ya kuchua."

"Hapana, Babu!" Sindano alijishangaa kusikia sauti yake. "Nesi amesema aende sasa hivi. Nimetoka kumuuliza. Amesema msingoje hata nguo."

Babu alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Redio hakusubiri mtu aamue. Alipindua mzigo wa bweni ukaanguka chini, akauvuta mkokoteni hadi mlangoni. Walimkalisha Mama akiegemea mito, kwa sababu akilala pumzi ilizidi kupotea. Redio, ambaye hakuwahi kufunga mdomo, alisukuma njia nzima bila neno. Sindano alikimbia pembeni ameshika kidole cha mama yake. Hakukuwa na kingine alichoweza kufanya.

Nesi aliwaona kwa mbali, akamwita daktari. Mama aliingizwa ndani, pazia likavutwa. Babu alitaka kumfuata, wakamzuia. Kupitia pazia walisikia chuma kikigonga chuma, mtu akisema "oksijeni," na kikohozi kile. Halafu kikohozi kilinyamaza, na hilo likawatisha zaidi.

"Nilikuwa najua kila kikohozi cha nyumba ile," Babu alisema, bila kumwambia mtu. "Kwa sauti tu. Nilikuwa najua."

Sindano alimsogelea, wakakaa mabega yamegusana.

Hatimaye daktari alitoka. Alikuwa kijana, amechoka, miwani yake imepanda kwenye nywele. "Ni nimonia," alisema. "Pafu moja limejaa majimaji. Tumempa hewa na tumeanza sindano. Siwezi kuwaahidi kitu leo. Tungojeeni."

Walingoja. Siku zilizofuata Sindano alikuja kila alipotoka shule, akakaa kando ya kitanda na kutazama shuka likipanda na kushuka. Aliona kama akiacha kulitazama litasimama. Homa ilishuka kidogo, ikarudi, ikashuka tena. Siku moja aliingia akamkuta Mama ameketi, mrija wa hewa umetolewa, anakula uji.

"Mbona nywele zako ziko hivyo?" Mama alimuuliza polepole. "Hakuna mtu wa kukusuka huko nyumbani?"

Yalikuwa maneno mengi, na yote yalifika mwisho. Sindano alificha uso kwenye shuka akalia.

Daktari alikuja kuzungumza nao jioni hiyo, Babu na Redio wakiwa wamesimama miguuni pa kitanda.

"Tumepima makohozi yake, hana kifua kikuu," alisema. "Atapona. Lakini mlimleta mkiwa mmechelewa, na mngengoja hadi asubuhi pengine nisingekuwa na la kufanya. Sikilizeni, na wewe mtoto sikiliza vizuri, maana nesi ameniambia wewe ndiye uliyeona. Vumbi linakohoza watu, ni kweli. Fungeni vitambaa puani na kazi yote ya kupiga sufi muifanyie nje, siyo chumbani. Lakini msiseme ni vumbi kabla mtu hajapimwa. Kikohozi kikifika wiki mbili, njooni. Kikija na homa, au damu, au makohozi ya rangi ya kutu, au kifua kinachoma, au mtu anakonda, msisubiri hizo wiki mbili. Na anayekosa pumzi ya kuongea aletwe dakika hiyohiyo. Kukizoea kikohozi hakukifanyi kuwa salama. Mtoto akisema mtu anaumwa, mgeukieni huyo mtu mumtazame. Kumtazama hakuna gharama."

Redio aliinamisha kichwa. Babu aliizungusha kofia yake mikononi.

"Daktari," alisema mwishowe, "mimi hiki changu nina miaka mingi nacho. Nianzie wapi?"

Daktari alimwonyesha benchi la nje, penye watu wanaosubiri kuonwa. Babu alikwenda akaketi mwisho wa foleni, mzee mwembamba mwenye manyoya meupe mabegani. Sindano alimfuata, akaketi karibu naye, wakangoja waitwe.