Bahari ya Mwanamvua

Sakafu ilikuwa na maji, na Tarime haikuwa imeona mvua tangu mwezi uliopita. Mwanamvua alitazama bati juu. Kavu. Maji yalitoka chini ya picha moja tu kati ya kumi na mbili alizotundika jana katika ghala la ushirika: ile ya bahari.

"Nimeyaonja, fundi," alisema mama Nyangi, mfagiaji wa ghala. "Yana chumvi."

"Mama nawe. Mtu anaonja maji ya sakafuni?"

Lakini naye alikuwa amesikia harufu aliyoijua. Marashi ya marehemu baba yake, Abdurahmani, aliyetoka pwani akashona kanzu mjini hapa mpaka akazikwa hapa. Bahari yenyewe Mwanamvua hakuwahi kuiona. Aliichora kwa masimulizi ya baba, na bomba la mji lilipokauka, rangi ya unga ikikosa maji, akafungua chupa ya marashi iliyolala kwenye sanduku la mzee, akaikorogea humo. Baba alikuwa amekataza isifunguliwe kabisa. Haya, akili ni nywele, na siku ile binti alikuwa amenyoa.

Maonyesho yalikuwa ya siku tatu. Miaka tisa watu walimwita yule wa vibao vya maduka. Sasa wilaya nzima ingeona kwamba ni mchoraji. Alilitaka hilo kuliko mume.

Siku ya pili mto Mara ulikauka, ule wa kwenye picha. Ziwa la Shirati likabaki mchanga. Mama Nyangi alisimama mbele ya picha ya Kerende, kwake kwa zamani, walikohamishwa mwaka jana wakati wa operesheni ya vijiji, akatafuta chemchemi aliyochota tangu aolewe. Palikuwa na tope lililopasuka.

"Nyumba waliibomoa, nikanyamaza," alinong'ona. "Sasa na picha?"

Wakamwita mzee Maftah, mganga. Alinusa mlangoni, akarudi nyuma.

"Ni jini wa baba yako, mwanangu. Alimfunga chupani. Anakunywa maji ya picha zako apate nguvu ya kutoka, na anatafuta kiti, mtu wa kumkalia. Kubali akupande. Atakupa mkono wa kuchora ambao nchi hii haijauona."

"Na nikikataa?"

"Akimaliza yaliyochorwa, ataanza yaliyo mwilini mwako."

"Mkono ninao," alisema Mwanamvua. Hasira zilikuwa zimeishinda hofu. "Picha hizi nimechora mimi. Yeye hana lake hapa."

Mzee Maftah akachukua fimbo yake, akaondoka. Mama Nyangi hakuondoka. Alikwenda nyumbani akarudi na jivu la jikoni, udongo mwekundu na kibuyu cha maziwa, maana maji hawakuyaamini tena. Mwanamvua akakoroga, akaanza kuchora nchi kavu juu ya bahari, amzibie jini njia.

Alianza pembeni, kilima kimoja, na bahari ikaanza kuvuma ndani ya turubai, polepole, kisha kwa nguvu, harufu ya marashi ikajaa ghalani hata mama Nyangi akaziba pua kwa kanga, na kadiri vilima vilivyosogea katikati ndivyo maji yalivyopanda kwenye vifundo vya miguu yao, mpaka sauti ya marehemu baba yake ikamwita kwa jina la utotoni, ikimbembeleza amwachie nafasi kidogo tu, na mkono uliolowa, baridi, ukatoka kwenye rangi ukamshika kifundo cha mkono wa kulia.

"Wewe si baba yangu," alisema. "Baba alikuwa akiomba, hakunyang'anya."

Akahamishia brashi kushoto. Akafunika bahari yote.

Siku ya tatu watu walijaa. Mto Mara ulikuwa umerudi, na chemchemi ya Kerende ilitiririka. Mama Nyangi hakubanduka mbele yake. Katibu wa chama alisimama na orodha yake, akatazama vile vilima vilivyopinda.

"Hapa imeandikwa bahari. Iko wapi?"

"Imehamishwa, ndugu katibu," alisema Mwanamvua. "Sote tumehamishwa. Yeye nani abaki?"

Mama Nyangi akacheka wazi. Katibu akakohoa, akasogea kwenye picha nyingine.

Mkono wa kulia Mwanamvua alikuwa ameufunga kwa kanga. Haukuwa ukikauka tangu uliposhikwa, na sakafu chini yake ilikuwa imelowa. Akachukua brashi kwa kushoto, akaandika chini ya picha, herufi zikipinda kama za mtoto wa darasa la kwanza: Mwanamvua binti Abdurahmani.