Ua Lililoitwa Mke Mkubwa

"Dada, naomba usisogee. Kuna kitu kimekukalia begani."

Mboni hakusogea; aliruka. Aliruka na kanga aliyokuwa akiikunja, akapiga ukelele uliowageuza nusu ya watu wa Soko Kuu la Singida, na lundo zima la madera alilolipanga tangu asubuhi likaporomokea kwenye beseni la dagaa la jirani yake, Redempta.

"Nyoka? Kitoe! Kaka, kitoe!"

"Siwezi kukitoa. Kimo kwenye simu."

Aliyesema hayo alikuwa kijana mrefu, shati la drafti limefifia mabegani, maganda ya alizeti yamemnasa kwenye nywele. Alinukia mafuta mabichi, kama wanavyonukia wote wanaoshinda kwenye vinu vya kukamua. Aligeuza simu yake ili Mboni aone. Kwenye kioo palikuwa na bega la Mboni mwenyewe, dera lake la zambarau na mtandio wake, na juu ya bega hilo tumba la ua la kijani lenye miguu miwili mifupi, likiyumba huku na huku kama mtoto aliyesikia ngoma ya jirani.

"Huyu ni nani?"

"Chezaua. Ni kiumbe wa mchezo, unatembea nao huku na huku ukiwakamata. Chezaua ni adimu. Likikua linafunguka, kichwa chake kinakuwa cha njano kama alizeti, linavaa sketi ya majani, linacheza."

"Kwa hiyo umeniangushia biashara kwenye dagaa kwa sababu ya katuni?"

"Samahani, dada. Lakini ungejua lilivyokupendeza."

Redempta aliangua kicheko. Mboni akanuna, kisha akashindwa kununa. Kijana akainama akaanza kuokota madera moja moja, akiyakung'uta dagaa kwa adabu ya mtu anayemfuta mgeni vumbi. Jina lake lilikuwa Mrisho, kwao Kinyangiri, hapa mjini alikuwa akifanya kazi kinuni.

"Unao wengi hawa Chezaua?" Mboni aliuliza, ili tu asiondoke.

"Hili, na jingine moja. Lile jingine simwonyeshi mtu."

Mambo yakaenda kama yanavyokwenda. Mboni, aliyekuwa akisema michezo ya simu ni ya wasio na kazi, akauweka kwenye simu yake. Jioni wakawa wanazunguka na simu zao mkononi, stendi, uwanjani, kwenye majabali ya Ziwa Kindai. Wakikosa viumbe walikula mahindi ya kuchoma. Na simu zilipigwa mpaka chaji ikalia.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe je, mzee wa mashudu?"

"Mashudu hayohayo ndiyo yatakayokuoa."

"Nani kasema naolewa?"

"Bata wako kasema."

Hapo Mboni alikata simu kwa hasira za uongo. Kisa cha bata kilikuwa hivi: kwenye harusi ya binamu yake alijaribu kupiga vigelegele, ulimi ukakataa, ikatoka sauti iliyowafanya wapiga ngoma wasimame. Alifanya kosa la kumsimulia Mrisho na kumwigizia, naye hakuacha kumtania. "Kinyangiri hatupokei mke asiyejua vigelegele," alimwambia. "Utafanya mazoezi na bata wa shangazi yangu."

Alhamisi moja, wakiwa juu ya jabali, Mrisho aliuweka kando muhindi wake kabla haujaisha.

"Lete simu yako," alisema hatimaye. "Nataka kukupa lile jingine."

"Lile usilomwonyesha mtu?"

"Tumba la Chezaua halifunguki kwa aliyelilea. Linafunguka likiwekwa mikononi mwa mtu mwingine. Ndiyo maana wengi wanabaki nalo tumba maisha yote, wanaogopa kulitoa." Alizisogeza simu mbili zikagusana. Tumba lilimwinamia Mrisho, likaruka kwa Mboni. "Jumapili naja kwenu na shangazi yangu. Tutalifungua pamoja, mbele ya mama yako. Kabla ya hapo usiliguse, tafadhali. Niahidi."

"Kuna nini ndani?"

"Kuna mtu anataka kukusalimia."

Mboni aliahidi. Alikuwa na nia njema kabisa, na nia njema hiyo ilidumu mpaka alipofika nyumbani na kuvua viatu. Alitaka kuchungulia tu. Alibonyeza tumba, ukatokea ukurasa wake.

Jina: Mke Mkubwa.

Na chini yake, mahali ambapo mlezi huandika neno lake: *Kwa mume wangu Mrisho. Mdogo akija, mwambie mimi nilitangulia.*

Ili kumwelewa Mboni ni lazima tumjue marehemu baba yake, Mzee Abdulhamidi. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, safari zake za Tabora hazikwisha, na nyumbani Singida alikuwa na mke mmoja, Radhia, mama yake Mboni. Ndivyo walivyoamini. Siku ya msiba wake lilisimama basi mlangoni, akashuka mwanamke mwenye buibui na watoto wanne, wote wana pua ya marehemu. Shehe alipouliza, wazee waliofuatana naye kutoka Tabora walijibu: huyu ndiye mke mkubwa. Basi mama yake Mboni, katika nyumba yake, kwenye msiba wa mumewe, alisogezwa akakalia mkeka wa ukumbini. Mboni alikuwa sekondari. Alimwona mama yake akisogea bila neno, na hajawahi kuusahau mkeka ule.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mboni hakuuliza wala hakupiga simu. Alibonyeza palipoandikwa *Achia*. Mchezo ukamuuliza, kwa heshima zote: *Una uhakika? Jina na sauti ya kiumbe huyu vitafutika.* Sauti ipi tena? Akabonyeza *Ndiyo*. Tumba likainama, likageuka, likaanza kutembea kwa vijiguu vyake vifupi. Lilisimama mara moja kumtazama nyuma, kisha likatoweka.

Kwa Mrisho alituma maneno machache: "Kaa na mke wako mkubwa." Halafu akaifungia namba yake.

Kesho yake asubuhi Mrisho alifika sokoni anahema, amekuja na vumbi lake la kinuni.

"Mboni, ulilifungua! Si uliniahidi?"

"Na wewe uliniahidi nini? Kwamba nitakuwa mdogo wake nani? Mpigie huyo mkeo hapa hapa, Redempta asikie!"

Mrisho alimkodolea macho, kisha, masikini, akacheka. Alicheka mpaka akashika meza.

"Mke mkubwa ni bibi! Bibi yangu mzaa baba! Mimi nina jina la babu, mpenzi, tangu nazaliwa ananiita mume wangu. Yeye ndiye mke mkubwa, na nitakayemwoa ni mdogo wake. Kwani kwenu bibi hawataniani na wajukuu?"

Walitaniana. Bibi yake mwenyewe alikuwa akimwita kaka yake "bwana'ngu", akimgombeza kwamba hamletei tumbaku, na nyumba nzima ilicheka. Hakuna mtoto wa Singida asiyelijua hilo. Yeye alilijua tangu anatambaa.

"Yuko wapi huyo bibi," alisema polepole, "nimwombe radhi?"

Kicheko cha Mrisho kikapungua. "Alifariki mwaka jana, masika. Ua lile tulilikamata naye, uani kwake, chini ya mwarobaini. Alilipenda, akasema linacheza kama yeye alipokuwa msichana. Kifua kilipomzidi akaniambia, mume wangu, harusi yako sitaifikia, lakini vigelegele vyangu vitafika. Nikamrekodi humo. Alipiga mara moja tu, akakohoa. Yale maneno niliandika mimi, yeye akinitajia." Alinyoosha mkono. "Hatuna sauti yake nyingine popote, Mboni. Haya, fungua, na mimi nisikie. Sijaisikia tangu siku ile, kwa sababu ni yako."

Soko lilikuwa na kelele zake zote. Mboni alitamani ziwe kubwa zaidi.

"Nimeliachia," alisema.

"Umeliachia wapi?"

"Nimelifuta, Mrisho. Jana."

Mrisho hakupaza sauti. Mkono wake ulibaki umenyooshwa, kisha akaushusha. Dera moja lilikuwa limeanguka. Aliliokota, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya mengine.

"Haya," alisema, akaondoka.

Jumapili Mboni alivaa dera jipya, akapaka hina, akakaa. Hakuna mtu aliyekuja.

Baada ya hapo alikuwa akipiga simu, nayo ikiita mpaka inachoka. Siku moja ilipokelewa.

"Mrisho, nitukane. Afadhali unitukane."

"Sina hasira na wewe. Ningekuwa na hasira ningejua pa kuiweka." Nyuma yake watu walikuwa wakipura. "Niko nyumbani, tunavuna. Kula, Mboni. Usikae na njaa."

Huko kuambiwa ale ndiko kulikomuumiza zaidi. Chakula kikawa hakipiti. Kila aliposikia vigelegele vya harusi kutoka mtaa wa pili alifunga dirisha. Mama yake alimvumilia, kisha akamwita jikoni na kuusikia mkasa wote, akichambua mchele bila kuinua kichwa.

"Mwanangu," alisema Bi Radhia, "baba yako alinikosea mimi. Mimi nikamsamehe kaburini. Wewe umekwenda kumtoza mtoto wa watu deni lisilo lake."

"Nifanye nini, mama?"

"Hujui? Mtu huenda alikokosea. Hasemi kwenye simu."

Kwa hiyo alikwenda Kinyangiri. Kwenye basi aliyasoma maelezo ya mchezo ule, akakuta jambo ambalo lau angelisoma mapema lingempa nafuu: kiumbe akiachiwa hurudi alikokamatwa mara ya kwanza. Tumaini likamshika, kisha likamwachia, maana alikumbuka pia maneno mengine: jina na sauti vitafutika.

Alifika mchana. Uani, chini ya mwarobaini, wanawake walikuwa wakipura alizeti kwa fimbo. Mkubwa wao alikuwa mama mnene mwenye kilemba cha kitenge. Alipomwona mgeni alitupa fimbo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba! Ndiye wewe Mboni? Njoo, mke mdogo, njoo ukae. Mrisho yuko shambani. Jamani, tulikuwa tuje Jumapili ile, simu ya mume wako ikaharibika, kila kitu kikapotea. Simu hizi! Zimetumalizia sauti ya mama yetu."

Mboni alikuwa ameinama kukaa. Hakukaa.

Simu ikaharibika. Kumbe Mrisho alimsitiri. Kwa watu wake wote, waliokuwa wakiingoja sauti ile kama yeye, alijibebesha uzembe usio wake ili mgeni huyu apokelewe kwa furaha. Na njia ilikuwa wazi: kukaa kwenye kigoda, kunywa uji, kuolewa, kufa na siri hiyo.

"Shangazi, simu haikuharibika," alisema. "Ni mimi. Nililiona jina la mke mkubwa, nikapandwa na wivu, nikalifuta. Sikumuuliza. Sauti ya mama yenu nimeipoteza mimi."

Fimbo zote zilisimama. Shangazi alimtazama, machozi yakamjaa, na midomo ikaanza kumcheza. Mboni alijiandaa kwa matusi. Kilichotoka kilikuwa kicheko kilichochanganyika na kilio.

"Alisema! Jamani, si mama alisema? 'Mke mdogo akiingia, siku ya kwanza tu mimi atanitupa nje!' Alisema akiwa kitandani pale!" Alijifuta kwa ncha ya kilemba, kisha akakaza uso. "Lakini bure hakuna. Umetupa vigelegele vya mke mwenzio, vilipe. Piga."

"Shangazi, mimi sijui..."

"Piga!"

Mboni aliweka mkono mdomoni, akapiga. Akatoka bata. Wanawake walishikana mbavu, na bata wa kweli nyuma ya banda akaitikia. Huko shambani Mrisho aliisikia sauti ile. Sauti namna hiyo duniani ni moja. Alikuja mbio, maganda yamemjaa kichwani.

Walitazamana.

"Wamejua," alisema Mboni. "Nimewaambia."

"Hukuwa na haja."

"Nilikuwa nayo."

Mrisho alitoa simu yake. "Nimelipata. Kila jioni nilikuwa nalitafuta hapa mwarobaini, juzi likatokea. Halina jina. Halina kitu." Akanyoosha mkono. "Lete yako."

"Usinipe mimi, Mrisho."

"Halifunguki kwangu. Lete."

Simu zikagusana, tumba likaruka. Mboni akabonyeza *Fungua*. Mikononi mwake lilitetemeka, likapasuka taratibu, kikatokea kichwa cha njano na sketi ya majani, likaanza kucheza. Lilicheza kimya. Vijiguu vilikanyaga, kiuno kikazunguka, na hapakuwa na sauti yoyote. Wanawake walisogea wakalitazama, hakuna aliyecheka tena. Kioo kikaandika: *Mpe sauti.*

Mboni alimtazama shangazi. Shangazi akatikisa kichwa kukubali. Basi akapiga tena, huku analia, kigelegele kibaya cha kukwaruza kilichokatika katikati, na ua likakipokea hichohicho likakichezea kana kwamba halijawahi kusikia kitu kizuri kuliko hicho. Palipotakiwa jina, aliandika: Mke Mdogo.

"Utanioa hivi hivi?" alimuuliza Mrisho, kwa sauti ya chini.

"Na bata wako," Mrisho alijibu, naye macho yalikuwa mekundu. "Jumapili tunakuja. Safari hii kweli."

Shangazi alifungua kinywa akapiga vigelegele, vya kweli, virefu, wenzake wakampokea mpaka kuku wakatawanyika. Mboni alicheka pamoja nao, mkono wake ndani ya mkono wa Mrisho. Lakini alikuwa akisikiliza, sauti moja baada ya nyingine, na alijua atasikiliza hivyohivyo siku ya harusi yake, akiitafuta ile iliyopigwa kwa ajili yake tu, mara moja, ikafuatiwa na kikohozi.