Neno Lisilokuwapo Mwaka 1874

Alhamisi, Machi 12, 2015, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Esperance, Mkongomani aliyefanya kazi za nyumbani, alifungua mlango wa Mzee Wolfgang, mtaa wa Iroquois, Louisville, akakutana na harufu ya ngozi iliyoungua.

Mzee, Mtanzania mstaafu aliyefundisha fiziolojia, alikuwa chini ya meza, amekufa, nyaya mbili za shaba viganjani. Ncha za pili zilikuwa kwenye soketi ya ukutani. Mezani ilikaa galvanomita yake, chombo cha kale cha kupimia umeme katika mishipa ya wanyama.

Polisi walimkamata Balagizi, kaka yake Esperance. Yeye ndiye aliyetengeneza soketi hiyo siku ya Jumanne, bila leseni.

"Ile mashine haikulaka courant, umeme ya ukuta," Esperance alimwambia mkalimani wa polisi. "Mzee alinielezaka: inapimaka tu umeme kidogo ya mushipa ya chura. Sasa donc, nani alichomeka nyaya kwa ukuta?"

"Wazee husahau," lilikuja jibu la polisi.

Jumamosi alipanda basi hadi Columbus. Editha, binti pekee wa Mzee, alimpokea nyumbani kwake Hilliard, pembezoni mwa mji huo, macho yamevimba.

"Samahani dada, lazima niulize. Jumatano usiku ulikuwa wapi?"

"Kazini, mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Waulize wenzangu."

"Na ile kitabu ya zamani alikuwa anasoma? Haiko tena."

Editha alishtuka. Daftari lile lilikuwa la Abdulkarim, mwanafunzi wa zamani wa baba yake, sasa mhadhiri Buffalo; Mzee alikuwa ameliazima. Lilisemekana kuandikwa na daktari Mmarekani mwaka 1874: aliweka nyaya juu ya ubongo wa sungura, akaona sindano ya galvanomita ikicheza. Mwingereza aliyetangaza jambo hilo alichelewa kwa mwaka mmoja. Daftari hilo lilimpa Abdulkarim jina kubwa kwa wasomi.

Esperance alitoa simu. Jumatano, saa kumi na moja jioni, Mzee alikuwa amemwomba apige picha ukurasa mmoja wa daftari ili aukuze aone vizuri. Neno moja lilikuwa limezungushiwa penseli: nyuroni, yaani seli ya neva.

Editha alilisoma mara mbili. "Baba alinifundisha: neno hili lilibuniwa mwaka 1891."

Jumatatu saa nane mchana, Buffalo, walipanda ngazi hadi chumba cha Abdulkarim, juu ya duka moja la Grant Street. Askari wawili walioitwa na Editha walibaki ngazini. Abdulkarim aliwapa pole kwa unyenyekevu.

"Daftari liko wapi?" Editha aliuliza.

"Hilo hapo, dada. Halijatoka chumba hiki tangu mwaka jana."

Esperance alilifunua. Ukurasa mmoja ulikuwa umekatwa kwa wembe. Akaweka simu kando yake, picha ya ukurasa huo ikionekana: meza ya Mzee, tarehe, saa, penseli.

Abdulkarim alikaa.

"Nililiandika mwenyewe," alisema. "Miezi saba. Aliponipigia jioni ile kuhusu neno lile, niliendesha gari moja kwa moja, nikafika usiku wa manane. Nikamwomba anionyeshe jinsi wataalamu wa kale walivyoshika nyaya. Akazishika. Nikachomeka ncha za pili ukutani."

"Na kaka yangu ungemuacha aozee gerezani?" Esperance aliuliza.

Abdulkarim aliinamisha kichwa.

"Baba hakuwa amemwambia mtu," Editha alisema. "Hata mimi. Alikupigia wewe kwanza, ukiri mwenyewe, usiaibike."

Abdulkarim aliinua uso, mdomo wazi, kama anayetaka kuuliza kama ni kweli. Askari walikuwa wameshaingia.