Kiraka cha Uzi wa Buluu

Mnaning'ang'ania na hadithi hii kama vile mimi sina kazi. Haya, naisema mara moja tu, na atakayeota vibaya asije kugonga mlango wangu.

Palikuwa na mshonaji wa maputo makubwa, yale yanayofungwa juu ya maduka kuita wateja. Watu walimwita Fundi Puto. Mkewe aliwahi kupandwa na jini. Mganga akamtoa jini huyo, akamfungia ndani ya kitambaa cheupe, mafundo juu ya mafundo, akakitia kwenye kopo.

"Hata nyumba ikiungua," alisema, "mafundo haya yasiguswe."

Siku moja puto likachanika tumboni, na mwenye duka anafoka mlangoni. Kitambaa kimekwisha, uzi mweupe umekwisha. Fundi, mbishi wa kuzaliwa, akashusha kopo, akafungua mafundo, akakishona kile kitambaa kiraka kwa uzi wa buluu. Puto likalazwa stoo kusubiri mwenye duka, na mkewe hakuambiwa.

Kesho yake mchana, kitu cheupe kilikuwa kimening'inia juu ya paa lao. Hakina kamba. Upepo unavuma, chenyewe kimetulia tuli.

"Puto la watu wa hali ya hewa," alisema shemeji mtu, kaka yake mke, fundi wa antena.

"Hali ya hewa gani inanuka nywele zilizoungua, kaka?"

"Basi ni droni imeungua. Dada, usianze mambo yako."

"Ni puto langu," Fundi alikata maneno. "Limechomoka stoo."

Mke akaenda kufungua stoo. Puto lilikuwepo, limekunjwa vizuri. Kilichokosekana ni kiraka. Pale kilipokuwa palibaki tundu, na kingo zake zilivuja damu.

Shemeji alikuwa ameshapanda paani na mti wake wa antena, akakichokoa kile kitu, nacho kikashuka kwa sauti ya nguo inayochanwa, kikamviringisha mkono hadi mfupa ukatokeza nje, kikamtupa uani kama gunia, kisha kikapita dirishani na kumwingia dada yake mdomoni, mwanamke akabamizwa ukuta huu na ule, meno yakimtoka, na shingo yake ikaanza kujizungusha polepole kuelekea mgongoni.

Majirani walimleta mganga mbio. Akapiga magoti kando ya yule mama.

"Nani alikufungua?"

"Aliyenifungua alinitoboa," ilijibu sauti nzito. "Sindano kwa sindano. Nataka nilipwe nilivyofanyiwa."

"Ni nani?"

"Atajisema. Asipojisema, naimalizia shingo hii."

Mganga akawatazama watu. Fundi alikuwa anakagua dari.

"Labda ni kifafa," alisema kwa sauti ndogo. "Upepo ule nao..."

Shingo ikalia kwa kupasuka. Mkewe akamtazama, jicho moja limejaa damu.

"Mimi," Fundi alisema. "Nilikuwa na haraka. Mwachie mke wangu."

Shingo ikarudi mahali pake. Mke akatapika kitambaa cheupe, kikavu. Mganga akakifunga upya, na hakuna aliyemwangalia Fundi hadi alipopiga yowe.

Kope zake zilikuwa zimeshonwa, ya juu na ya chini, macho yote mawili, kwa uzi wa buluu. Daktari alikata, ukaota. Akakata tena, ukaota na nyama. Na mshono wenyewe, mkewe husema akimshika mkono kumpeleka chooni, ni mzuri kuliko wowote aliowahi kushona mumewe.