Vali ya Mgodi wa Kerris

Digory Nance alikimbia na bastola mkononi, matope ya Cornwall yakimrukia mpaka kifuani.

Mbele yake Blamey, fundi wa mtambo, alikuwa anateremka kuelekea ufukweni na mfuko begani. Ndani mlikuwa na vali ya shaba, siri ya mtambo mpya wa mvuke wa mgodini. Wafaransa waliitaka kufa na kupona.

"Vali isivuke bahari," wakuu wa London waliomtuma Digory kupeleleza walikuwa wameamuru. "Na usijulikane."

Digory alikuwa amejifanya mchochea makaa pale mgodini. Kwao huko Cornwall makaa huja kwa meli kutoka Wales, na bei yake haisemeki. Mtambo wa zamani ulikuwa mlafi. Huu mpya, pamoja na utata wake wote, ulivuta maji ya mgodi kwa theluthi tu ya makaa yale. Lakini asubuhi hiyo aliupakulia mpaka mgongo ukamuuma, na bado ulidai. Akaelewa: Blamey ameiba vali, ameweka bandia.

Bandia isingedumu. Maji yangepanda. Na huko chini alikuwako Jory, mdogo wake wa tumbo moja, asiyemsemesha tangu Digory ahamie London.

"Heva! Heva!"

Ni mwito wa wavuvi: mlinzi wa juu ya jabali ameona dagaa! Kijiji kizima kikamwagika pwani. Wapiga makasia waliokodiwa kumvusha Blamey hadi Ufaransa nao walikuwa Wacornwall; dagaa wakiingia ghubani, nani anakumbuka magendo? Wakageuza mashua, wakafuata nyavu.

Blamey akabaki peke yake, ameduwaa.

"Wenzio wamefuata kitoweo, mzee," Digory alisema. "Lete mfuko."

Alimkabidhi Blamey kwa askari wa ushuru waliolinda pwani, akakimbia kurudi mgodini na vali. Njiani mgurumo wa mtambo ukakatika. Wanawake wakaacha dagaa, wakakimbilia mgodini wakilia.

Bandia ilikuwa imepasuka. Digory alifunga vali ya kweli huku mvuke ukimbabua vidole.

Mtambo ukaguna. Ukavuta.

Wanaume wakapanda ngazi, wamelowa mpaka shingoni. Jory alimkuta kaka yake na spana mkononi.

"Kumbe ni wewe uliyeuchezea mtambo," alisema. "Kweli mkataa kwao mtumwa."

Neno moja tu lingetosha kumsafisha. Lakini amri ilikuwa asijulikane, na neno hilo lilimbabua Digory kuliko mvuke.

"Kabadili nguo, Jory. Utashikwa na baridi."

Akavaa koti, akawasha kiko, akashika njia ya London bila haraka. Alitamani mno kuitwa. Hakuna aliyemwita.