Kikopo cha Ugoro cha Mama Suzana

Kila asubuhi Domina alijitanda kanga kabla ya kufungua mlango. Aliivuta mpaka ifunike shavu la kushoto, ndipo akatoka kwenda kuuza maandazi yake pale Msamala. Wateja walishamzoea. Wengine walidhani ana jino linalouma miaka yote!

Chini ya kanga kulikuwa na kovu. Zamani, kule Lusewa, bani la kukaushia tumbaku liliwaka moto yeye akiwa ndani. Kidonda kilipona, lakini ngozi ilijikunja na kuvuta pembe ya mdomo. Mumewe, Wendelini, hakuwahi kumsema. Domina mwenyewe ndiye aliyeona haya.

Sasa binti yao Suzana alikuwa karibu kufunga nadhiri za utawa. Siku hiyo wazazi humsindikiza binti hadi altareni, kanisa zima likitazama. Domina aliposikia kwamba madaktari wa kurekebisha makovu wanakuja hospitali ya misheni, alipiga kigelegele.

"Baba Suzana, nitaingia kanisani uso wazi!"

"Utaingia, mke wangu. Na mimi nitavaa ile suti yangu ya mtumba."

Hospitalini muuguzi alimuuliza maswali mengi. Je, ana kisukari? Ana presha? Anavuta sigara?

"Sigara? Mimi?" Domina alicheka. "Sijaishika hata siku moja."

Alisema kweli. Lakini kwenye pindo la kanga alifunga kikopo cha ugoro. Kwao, wakulima wa tumbaku, ugoro haukuwa kuvuta. Ulikuwa ugoro tu, wa kuchangamsha kichwa. Alipimwa damu na mkojo, akaambiwa arudi kesho kumwona daktari.

Jioni jirani yake Notburga, muuguzi wa hospitali hiyo hiyo, alipita kumjulia hali. Alimkuta Domina ananusa.

"Mama Suzana, huo ugoro umewaambia?"

"Niwaambie nini? Wameniuliza sigara."

"Ugoro ni tumbaku, mwenzangu. Hubana mishipa ya damu. Ngozi iliyoshonwa ikikosa damu, inaweza kuoza. Utakwenda na kovu, urudi na kidonda."

"Wee! Nimenusa tangu usichana na sijafa!"

"Kufa hujafa. Lakini hujapasuliwa uso pia."

Domina alipandwa na hasira. "Nikisema watanirudisha! Wanakuja mara moja tu kwa mwaka, na nadhiri ni mwezi ujao!"

"Huenda wakakurudisha. Mimi siwezi kukusemea. Uso ni wako."

Kesho yake Domina alipiga moyo konde. Aliweka kikopo mezani kwa daktari.

"Sigara sivuti. Lakini hiki sijawahi kuachana nacho."

Daktari alikifungua, akapiga chafya kubwa.

"Mama, umefanya vizuri sana kusema," alisema akijifuta pua. "Na vipimo vinaonyesha una kisukari. Sukari ikiwa juu, kidonda hakiponi haraka, na huingiwa na vijidudu upesi. Mwenye presha, mwenye upungufu wa damu, anayetumia dawa zozote, hata za kienyeji, wote hao lazima tujue kabla ya kisu. Sikunyimi upasuaji. Nasema subiri. Acha ugoro kabisa, tibu sukari, uje mwakani."

Domina alilia palepale, bila kujificha.

Siku ya nadhiri, mlangoni mwa kanisa, alivuta kanga yake kama kawaida. Suzana aliushika mkono wake.

"Mama, nimekua nikiutazama uso huu. Twende nao."

Domina aliishusha kanga mabegani. Akatembea hadi altareni kichwa juu, kwa fahari ya mama aliyemlea mtawa.

Mwaka ule haukuwa lelemama. Alipoacha ugoro alikuwa mkali, hata Wendelini akawa anakwenda kunywa chai kwa jirani. Alimeza dawa zake, akapunguza sukari kwenye chai na maandazi yake mwenyewe, akaenda kliniki bila kukosa. Madaktari waliporudi, sukari ilikuwa imeshuka. Wakampasua. Kovu halikufutika lote, lakini mdomo ulinyooka, na kidonda kilipona vizuri.

Mwaka uliofuata alimsindikiza mdogo wake Leticia, aliyekuwa na kovu shingoni. Benchi lilijaa akina mama.

"Nani anatumia tumbaku, hata ya kunusa?" aliuliza muuguzi.

Akina mama walitazama chini, kila mmoja akikaza pindo la kanga yake.

Domina alisimama. "Jamani, nitazameni. Mimi nilikuwa mnusaji hodari! Nilisema kweli, nikarudishwa, nikasubiri mwaka mzima. Uso wenyewe ndio huu!"

Bibi mmoja alikohoa, akatoa kikopo chake na kukiweka sakafuni. Mwingine akafuata.

Cha tatu kilikuwa cha Leticia.

"Ala! Hata wewe?" Domina aliuliza.

"Si nilijifunza kwako, dada?"

Domina alicheka kwa mdomo ulionyooka, akaketi karibu na mdogo wake.

"Basi na kuacha utajifunza kwangu."