Chaja Ambayo Mbishi Hakuiharibu

Kila siku masomo yalipokwisha, wenzake walikimbilia uwanjani, naye Mbishi akaenda chumba cha sayansi. Kazi yake ilikuwa kuchaji betri ya gari dogo la rimoti lililoundwa na klabu yao. Shule nzima ilimwita Mbishi, na ukimuuliza kama kweli yeye ni mbishi, alibisha.

Wiki hiyo chaja ilimgomea. Alichomeka ukutani adapta inayoipa chaja umeme, akaunganisha betri, akabonyeza. Taa iliwaka, kisha baada ya muda mfupi chaja ikazimika yenyewe. Alirudia, nayo ikarudia.

"Umeiua chaja," alisema Nahodha, mvulana wa darasa la juu aliyeongoza klabu. "Si wewe unayeishika kila siku?"

"Kuishika si kuiharibu!"

Mwalimu wa sayansi alikuwa mbioni kwenda kikaoni. "Mashindano ya magari ni Jumamosi, na chaja ni hiyo hiyo moja," alisema. "Mbishi, kesho uwaombe wenzako radhi, yaishe. La sivyo, gari ataendesha mwingine."

Kuendesha gari lile ndicho kitu alichokingojea mwaka mzima. Hata hivyo alisimama wima. "Sijaiharibu, mwalimu. Siombi."

Nyumbani alimkuta mama yake, fundi cherehani, akipinda gauni. Alimweleza yote huku akilia kwa hasira.

"Umeiharibu?" mama aliuliza, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

"Hapana, mama."

"Basi futa machozi, mwanangu. Kesho usiende na kelele, nenda na ushahidi."

Kesho yake Mbishi aliwahi chumba cha sayansi kabla ya wenzake. Aliipindua chaja, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya, akasoma maandishi madogo mgongoni: umeme wa kuingia, volti 11 hadi 18; nguvu ya kuchaji, hadi wati 50. Kisha akasoma adapta: volti 12, ampea 2. Akazidisha volti kwa ampea, akapata wati 24. Alizidisha tena kwa sababu hakuamini. Chaja ilidai hadi wati hamsini, na adapta haikufikisha hata nusu! Ilizidiwa, ikakata.

Klabu ilipokusanyika, Mbishi alipunguza kasi ya kuchaji hadi ampea moja. Chaja ikawaka na haikuzimika. Walingoja, wakangoja, bado inawaka.

"Mnaona? Chaja ni nzima," alisema. "Adapta ndiyo ndogo."

"Kwa mwendo huo betri itajaa mwaka kesho," Nahodha alicheka. Alitoa adapta ya kompyuta ya kaka yake, akaichomeka kwenye chaja. "Hii ina wati tisini, na imeingia sawasawa."

Mbishi alifunika soketi ya ukutani kwa kiganja. "Kuingia si kufaa! Soma hapo. Volti kumi na tisa, na chaja mwisho wake kumi na nane. Ukiiwasha, utaiua kweli."

"Ondoa mkono! Nani kiongozi hapa?"

"Wewe. Na siondoi."

Mwalimu aliingia na kuwakuta wamekaziana macho. Alisoma maandishi yote mawili, akamrudishia Nahodha adapta ya kaka yake. Kisha akaiokota ile ndogo na kuigeuza mkononi.

"Hii si ya chaja," alisema polepole. "Ya chaja niliichomoa mimi, nikaiweka kwenye skrini ya ofisi ya walimu. Hapa nikaacha hii kwa kuwa tundu ni lile lile. Nikasahau kabisa."

Alikwenda kuileta. Mbishi aliisoma kwanza: volti 12, ampea 6.

"Ampea sita si zitaiunguza?" Nahodha aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Haziiunguzi," mwalimu alijibu. "Volti ndizo lazima ziwe ndani ya kiwango. Ampea zikiwa nyingi hazidhuru, chaja huvuta inazohitaji tu. Zikipungua, ndiyo haya."

Walirudisha kasi ya kawaida. Chaja ilifanya kazi hadi betri ikajaa.

Mwalimu aliwageukia wote. "Kosa lilikuwa langu, nami nilimlazimisha mtu mwingine alibebe. Mbishi, nisamehe. Nanyi sikieni. Ukikosa, omba radhi upesi. Lakini kuungama kosa ambalo si lako, ili watu wanyamaze tu, huo nao ni uongo, na chanzo cha tatizo kinabaki pale pale. Angekubali jana, leo tungekuwa tumeitupa chaja iliyo nzima."

Nahodha alimkabidhi Mbishi rimoti. "Jumamosi ni wewe," alisema, akitazama sakafu.

"Ila ubishi huo," mwalimu aliongeza akitabasamu, "uwe nao hivyo hivyo, wenye ushahidi."

"Lakini mwalimu," alisema Mbishi, "mimi si mbishi."